Wema wa Mungu Siku ya Dhiki



Liko swali moja ambalo Wakristo wetu huliuliza kwa sauti ndogo, na mara nyingi huliuliza nje ya kanisa wala si ndani. Huulizwa njiani, watu wanaporudi kutoka makaburini. Huulizwa usiku, kando ya kitanda cha mgonjwa. Huulizwa na mkulima aliyepanda mara mbili, na mara zote mbili jua likaichoma mbegu yake. Swali lenyewe ni hili: Sisi tunaokiri kila Jumapili ya kwamba Mungu ni mwema, je, twaweza kukiri hivyo siku ya dhiki pasipo kusema uongo?

Maana ni jambo jepesi kumwita Mungu mwema ghala ikiwa imejaa na watoto wakiwa wazima. Lakini mama aliyemzika mtoto wake juzi, naye leo asimama pamoja na usharika kuikiri Imani, na kusema ya kwamba amwamini Mungu Baba Mwenyezi, yeye asema nini? Je, asema kweli iliyomo moyoni mwake, au afuata tu sauti za waliomzunguka?

Twaona ya kuwa swali hili lastahili kujibiwa kwa uangalifu, hasa na sisi wachungaji, wainjilisti na walimu, kwa kuwa ndio tunaoitwa kwanza nyumba ipatwapo na msiba. Neno letu likiwa baya siku hiyo, huumiza kuliko kama tungalinyamaza. Na mtu aliyejeruhiwa kwa neno la dini hukawia sana kupona.

Kwanza na tuyaangalie majibu matatu yasiyofaa, ambayo yamezoewa sana katikati yetu.

Jibu la kwanza ni la yule auitaye ubaya wema. Afika kwa wafiwa, na kabla hajaketi amwambia mama, "Usilie, Mungu amependa, na apendalo Mungu ni jema." Asema hivyo kwa nia njema, akidhani aitetea heshima ya Mungu. Lakini yule mama asikia nini? Asikia ya kwamba machozi yake ni uasi, na ya kwamba Mungu alifurahi mtoto alipokata roho. Basi tangu siku ile amwogopa Mungu kama mtu amwogopavyo mwizi ajuaye njia ya nyumbani kwake. Je, hivyo ndivyo Maandiko yanavyosema? Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, aiita mauti adui, adui wa mwisho atakayeshindwa. Kama Neno la Mungu laiita mauti adui, sisi tu nani hata tuiite rafiki?

Jibu la pili ni la yule atafutaye mwenye hatia. Mtu akiugua, aulizwa, "Umetenda nini?" Nyumba ikiungua, majirani wanong'ona ya kuwa pana dhambi iliyofichwa. Fikira hii ilikuwako kwa wazee wetu kabla Injili haijafika, walipomwendea mpiga ramli kuuliza ni nani aliyewaroga au ni mzimu gani aliyekasirika. Nasi tumeivika kanzu ya Kikristo tukaiingiza kanisani. Rafiki zake Ayubu walifanya vivyo hivyo. Walipofika kwake waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wasiseme neno, nalo lilikuwa jambo jema kupita yote waliyoyafanya. Kisha wakafumbua vinywa vyao, wakaanza kumthibitishia ya kuwa asingalipatwa na hayo kama asingalikosa. Na mwisho wa kitabu Mungu awakasirikia wao, si Ayubu, kwa kuwa hawakusema yaliyo kweli juu yake. Bwana wetu Yesu naye aliikataa fikira hii waziwazi. Alipozitaja habari za wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema ya kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Na wanafunzi walipomwuliza ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu mmoja azaliwe kipofu, aliwajibu ya kuwa si yake wala si ya wazazi wake. Hatukatai ya kwamba dhambi huzaa taabu. Mlevi aharibuye nyumba yake ajua mwenyewe taabu yake imetoka wapi. Lakini kutoka kila taabu kwenda kutafuta dhambi yake ni njia ambayo Bwana ameifunga.

Jibu la tatu ni la yule afanyaye hesabu na Mungu kama afanyavyo na mwenye duka. Asema moyoni, "Nimetoa sadaka, nimesali, sijakosa kanisani; basi nastahili mvua na afya." Akipata, asema Mungu ni mwema. Akikosa, aona amedhulumiwa, na siku nyingine aondoka usiku kwenda kwa mganga, kuona kama huko bei ni nafuu. Mtu wa namna hii hakumjua Mungu bado. Amejua vitu vya Mungu tu. Na tukumbuke ni nani aliyeliuliza kwanza lile swali, kama yuko mtu amchaye Mungu bure pasipo faida. Aliyeliuliza ni Shetani, katika sura ya kwanza ya Ayubu. Kitabu kizima kilichofuata ni jibu lake.

Majibu hayo matatu yana kosa moja. Yote yataka kuuona wema wa Mungu usoni pa mambo yenyewe: la kwanza kwa kuyapaka rangi yale mabaya, la pili kwa kumlaumu mwenye kuteswa, la tatu kwa kuhesabu mali. Lakini mwaka 1518, katika mji wa Heidelberg, Martin Luther aliwafundisha ndugu zake watawa neno ambalo lingefaa liandikwe mlangoni pa kila nyumba ya mwalimu. Alifundisha ya kuwa yule atafutaye utukufu tu huliita jema baya na baya jema, bali yule aliyejifunza msalabani hukiita kila kitu kama kilivyo. Basi kazi ya kwanza ya imani siku ya dhiki ni kusema kweli. Njaa iitwe njaa. Kifo kiitwe kifo. Dhuluma iitwe dhuluma, hata kama aliyedhulumu ni mkubwa.

Tena Maandiko Matakatifu yenyewe yatupa ruhusa ya kusema hivyo mbele za Mungu. Yerusalemu ulipobomolewa na Wababeli, yapata miaka 587 kabla ya kuzaliwa Kristo, watu walikufa njaa njiani, na hekalu likachomwa moto. Kitabu cha Maombolezo kilitoka katika majivu yale. Kina sura tano, na katikati, katika sura ya tatu, mwandishi akumbuka ya kuwa huruma ya Mungu haikukoma, bali hupambazuka pamoja na kila siku. Wengi wetu twayapenda maneno hayo, nasi huyasoma peke yake. Lakini na tuangalie yamewekwa mahali gani. Hayakuwekwa mwisho, kana kwamba kilio kimekwisha. Baada yake zafuata sura mbili nyingine za maombolezo, na aya ya mwisho kabisa ni ya mtu ambaye bado haelewi kama Mungu amemtupa. Vivyo hivyo Zaburi ya 88 yaanza gizani na kuishia gizani. Hakuna aya ya furaha iliyoongezwa ili kuturidhisha. Na zaburi hiyo imo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Roho Mtakatifu hakuiondoa. Mwenye kuiomba amlilia Mungu mchana na usiku. Aliyekata tamaa kabisa hamwiti mtu asiyemtarajia. Kilio chake ni namna ya kumshika Mungu nguo asiondoke.

Hapo ndipo twapaswa kuuliza: Basi, kama wema wa Mungu hauko usoni pa mambo, uko wapi?

Sisi Wakristo hatuna mahali pengine pa kwenda ila Golgotha. Siku ile ya Ijumaa, kama mtu angaliutafuta wema wa Mungu kwa macho, asingaliuona. Aliona mwenye haki amehukumiwa, rafiki zake wamekimbia, askari wakigawana nguo zake, na mama yake amesimama akitazama. Yesu mwenyewe alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22 akiuliza kwa nini ameachwa. Hakuna aliyesema saa ile ya kuwa mambo ni mema, na kama angalisema, angalikuwa mwongo. Hata hivyo twaamini na kufundisha ya kuwa pale, katika saa ile ile, Mungu alikuwa akiwapenda wanadamu kuliko wakati mwingine wo wote. Hakukaa mbali akatuandikia barua ya kutueleza sababu za mateso yetu. Alikuja akaingia ndani yake. Tangu hapo twajua ya kuwa dhiki si dalili ya Mungu kutokuwapo. Kwa maana alikuwapo mahali palipokuwa na dhiki kupita zote.

Wahenga wetu walisema, "Baada ya dhiki, faraja." Ni neno jema, na wengi wameliona kuwa kweli. Lakini halitoshi. Wako watu waliokufa kabla ya faraja kufika. Wako waliougua miaka ishirini wasipone. Tukiwa na methali hiyo peke yake, tutawaambia nini? Iko methali ya pili, nayo yakaribia zaidi Injili yetu: "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Haisemi baada ya dhiki, yasema kwa dhiki. Rafiki ajulikana kwa kuwa alikuja wakati ule ule wa shida, hata kama hakuweza kuiondoa. Basi imani yetu ni hii, ya kwamba Mungu katika Kristo ni rafiki wa namna hiyo.

Mtu aweza kutuuliza, "Je, Mtume hakuagiza tushukuru siku zote? Nitashukuruje kwa kufiwa?" Swali hili ni la haki. Lakini katika 1 Wathesalonike 5:18, kwa Kiyunani, lugha aliyoiandikia Paulo, neno lile lina maana ya kushukuru katika kila hali. Wala hatuagizwi tuuite msiba zawadi. Na tumtazame Bwana wetu mwenyewe, jinsi alivyoshukuru. Kaburini pa Lazaro alilia machozi, ingawa alijua atakalolifanya. Kisha, mahali pale pale, alimshukuru Baba kwa kuwa amsikia. Hakushukuru kwa sababu Lazaro amekufa. Na usiku ule aliosalitiwa alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Usiku ulikuwa mbaya. Msaliti alikuwa ameketi mezani. Bwana hakushukuru kwa ajili ya usaliti, alishukuru kwa ajili ya mkate uliokuwamo mkononi mwake usiku ule. Kila tukaribiapo Meza ya Bwana twayasikia maneno hayo, nayo yatufundisha shukrani ya kweli ni ipi. Mwenye kushukuru hauiti usiku mchana. Atwaa mkate aliopewa usikuni, naye ajua umetoka mkononi mwa nani.

Mfano wa shukrani hii twauona katika maisha ya mchungaji mmoja wa Kilutheri, Martin Rinkart, aliyetumika katika mji wa Eilenburg huko Ujerumani, si mbali na Leipzig, mji uliokuwa makao ya wamisionari waliofika Machame mwaka 1893. Rinkart alifanya kazi yake karibu yote katika Vita vya Miaka Thelathini, yaani tangu 1618 hata 1648. Eilenburg ulikuwa mji wenye kuta, basi watu wa mashamba walikimbilia humo hata ukajaa kupita kiasi. Mwaka 1637 ikaja tauni. Wachungaji wengine walikufa au wakaondoka, naye akabaki peke yake. Habari zilizohifadhiwa zasema ya kuwa alizika watu zaidi ya 4,000 mwaka ule, na siku nyingine alisoma maneno ya maziko juu ya maiti 40 au zaidi. Mke wake alikuwa mmoja wa waliokufa. Baada ya tauni ikafuata njaa, na baada ya njaa wakaja askari wakidai fedha kwa mji uliokuwa hauna kitu.

Mtu huyu ndiye aliyetunga, katika miaka ile ya vita, wimbo mmoja wa kumshukuru Mungu ambao Walutheri wa nchi nyingi huuimba hata leo siku za mavuno na siku za sikukuu. Wengi wauimbao hudhani ulitungwa na mtu aliyeshiba. Sivyo. Tena mwanzoni haukutungwa kwa ajili ya sikukuu. Ulikuwa sala fupi ya mezani. Yatupasa kulitafakari jambo hilo. Katika nchi iliyoharibiwa, baba wa nyumba alitaka watu wa nyumba yake wajue kushukuru kwa chakula kilichopo. Hakuwaambia vita ni vizuri. Aliwafundisha ya kuwa Mungu aliye mwema hajafukuzwa mezani pao na vita. Na tauni ilipokuja, sala ile ilikwisha kuwa kinywani mwao. Twajifunza hapa ya kwamba shukrani haina budi kufundishwa siku za kawaida, kwa sahani ya kawaida; kwa maana mtu asiyejua kushukuru kwa uji wa asubuhi hatajua kuuona mkono wa Mungu siku ya giza.

Lakini wema wa Mungu hutufikia kwa njia gani? Hapa na tuirudie Katekismo Ndogo, ambayo Luther aliitoa mwaka 1529, nasi twaifundisha kila mwaka kwa watoto wa Kipaimara, ila labda hatukuisikiliza sana sisi wenyewe. Akieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, auliza mkate wa kila siku ni nini. Na katika jibu lake hataji chakula tu. Ataja nguo na nyumba, shamba na mifugo, utawala mwema, amani na afya. Na karibu na mwisho ataja rafiki wema na majirani waaminifu. Maana yake ni kubwa. Jirani mwaminifu ni sehemu ya mkate tuuombao. Mwenye njaa aombapo mkate, yamkini Mungu amjibu kwa kumtuma mtu mwenye kikapu. Basi mtu yule akikataa kwenda, mwenye njaa atasema Mungu si mwema, na dhambi ya neno lile haitakuwa juu yake peke yake.

Luther hakuandika hayo akiwa mbali na dhiki. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1527, tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala wake akamtaka aondoke pia. Lakini alibaki, yeye pamoja na mchungaji Johannes Bugenhagen, na nyumba yake ikawa kama hospitali. Mkewe Katharina alikuwa na mimba wakati ule. Wachungaji wa Breslau walipomwuliza kama Mkristo aruhusiwa kuikimbia tauni, aliwajibu kwa busara. Hakusema kila mtu abaki. Alisema ya kwamba mtu asiyefungwa na wajibu aweza kuondoka pasipo dhambi. Tena ya kuwa dawa zitumike, nyumba zisafishwe, na mtu asiende ovyo mahali asipohitajiwa, akaambukiza wengine kisha akajisifu kuwa ana imani. Lakini wachungaji, watawala, na kila mtu ambaye jirani yake hana mwingine wa kumwangalia, hao wasiondoke. Kwa maana Kristo mwenyewe yumo katika mgonjwa yule. Huyu ndiye mtu ambaye baadaye aliandika jirani mwaminifu katika hesabu ya mkate. Alijua asemalo.

Nasi katika nchi yetu tunao ushahidi wetu. Katika Vita Kuu vya 1914–1918 majeshi yalipita Tanganyika yakitwaa chakula na mifugo, na wanaume wengi sana walichukuliwa kuwa wapagazi, wasirudi tena kwao. Mwaka 1918 ukaja ugonjwa mkali wa mafua. Katika nchi ya Ugogo ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wamisionari wa Kijerumani walifungwa au wakaondoshwa. Wale waliosalia Kilimanjaro waliondoshwa mwaka 1920, na hawakuruhusiwa kurudi hata katikati ya miaka ya 1920. Sharika za mlimani zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika, ambao hawakuwa bado wamewekewa mikono kuwa wachungaji, na ambao mara nyingi hawakuwa na mshahara. Hao waliwafundisha watoto, waliwakusanya watu Jumapili, waliwatazama wagonjwa, waliwazika wafu. Majina ya wengi wao hayamo katika vitabu.

Na tuangalie tena tusiliharibu fundisho hili. Wako wasemao, "Tazama, kwa ajili ya vita ile Kanisa lilisimama kwa miguu yake, basi vita ilikuwa jambo jema." Hasha. Mpagazi aliyekufa njiani na mzigo kichwani hakufa ili sisi tupate mfano wa mahubiri. Vita ilikuwa mbaya, na ibaki kuitwa mbaya. Paulo, katika Warumi 8, hasemi ya kuwa mambo yote ni mema. Afundisha ya kuwa hakuna jambo ambalo Mungu hawezi kufanya kazi ndani yake kwa ajili ya wema wao wampendao. Yusufu naye, alipowaambia ndugu zake ya kuwa Mungu aliyageuza mabaya yao kuwa wokovu wa watu wengi, alisema hayo kwa kinywa chake mwenyewe, baada ya miaka mingi, ili kuwasamehe. Hatusomi ya kuwa mtu alishuka shimoni akamwambia maneno hayo siku ile alipotupwa. Kuna maneno ambayo mwenye mateso peke yake ndiye mwenye haki ya kuyasema, na kwa wakati wake.

Limebaki jambo moja gumu. Wako watu ambao jirani hakufika kwao, wala mvua, wala dawa. Walikufa wakimwita Mungu, na macho yetu hayakuona jibu. Hatuwezi kulipita jambo hili kama Mlawi alivyompita yule aliyejeruhiwa njiani. Twakiri ya kuwa katika maisha haya swali lao halikujibiwa. Ila Kristo naye alikufa akilia, na siku ya tatu Baba alimjibu. Kama hakuna ufufuo, asema Mtume, sisi ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Tumaini letu kwa wafu hao si neno la kupunguza msiba. Ni kwamba Mungu bado ana deni la ahadi yake, naye hakopi asilipe.

Tena tumaini hili halikaushi machozi kwa nguvu. Luther alipofiwa na binti yake Magdalena, mwaka 1542, mtoto wa miaka 13, alimwandikia rafiki yake Justus Jonas ya kuwa yeye na mkewe iliwapasa kushukuru, kwa kuwa mtoto ameokoka na taabu zote za dunia, lakini upendo wa mzazi una nguvu hata hawakuweza kushukuru pasipo kulia na kuugua. Mwalimu huyu mkuu wa imani hakuona haya kuandika hivyo. Basi nani atamkemea mama wa usharika wetu kwa kulia?

Kwa hiyo, ndugu walimu na wainjilisti, twawasihi mambo machache. Mwitwapo penye msiba, nendeni upesi, msiende kwa maneno mengi. Lugha yetu imetupa neno moja dogo, "pole," ambalo haliulizi sababu wala halitafuti mkosaji. Lamwambia mwenzetu tu ya kuwa mzigo wake tumeuona. Semeni hilo kwanza, kisha ketini. Someni zaburi ya kilio kabla ya zaburi ya sifa. Angalieni kama kuna kuni, maji na unga, na kama watoto wadogo wamekula. Mgonjwa apelekwe hospitali, wala asiambiwe ya kuwa dawa ni upungufu wa imani. Na watu wa matanga watakapokwisha kutawanyika, rudini wiki ya pili na mwezi wa pili. Kwa maana hapo ndipo mjane aanzapo kuona upweke wake.

Na wewe uliye katika dhiki leo, usomaye maneno haya, hatukuambii yaliyokupata ni mema. Twakuambia ya kuwa hukuachwa. Usione haya kumlilia Mungu kama alivyo mtu aombaye Zaburi ya 88. Wala usikatae kikapu aletacho jirani yako, ukiona aibu, kwa kuwa labda ndicho jibu uliloliomba asubuhi. Ukiweza kushukuru, shukuru kwa kile kilichomo mkononi mwako, hata kama ni kidogo. Na kama huwezi, uache usharika ushukuru kwa niaba yako kwa kitambo. Ndiyo sababu twaikiri Imani kwa pamoja, ili yule ambaye sauti yake imekatika achukuliwe na sauti za ndugu zake mpaka itakapomrudia.

Basi yule mama tuliyemtaja hapo kwanza, akisema Jumapili ya kwamba amwamini Mungu Baba, hasemi uongo, hata kama sauti yake yatetemeka. Hashuhudii ya kuwa mambo yake ni mema. Amshuhudia Yeye aliyesulubiwa na kufufuka, ya kuwa ni mwema. Na sisi tulio kushoto na kuume kwake tumewekwa pale ili ushuhuda wake usikose mikono.

Bwana wa faraja yote awe pamoja nanyi nyumbani mwenu, na makaburini, na mashambani. Amina.